Mama Salamu na Mtambo Usiojua Kusubiri

Umri wake sitautaja, maana mwenyewe aliutaja hewani mara nyingi na kila mara ulikuwa tofauti. Jina lake la nyumbani nalo nitaliacha huko huko nyumbani. Kwetu redioni, na kwa watu wote waliotusikiliza, alikuwa Mama Salamu, na ukimwita kwa jina jingine aligeuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa.

Redio yenyewe ilikuwa ya mtandaoni, vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi pale Kasingirima, Kigoma. Mnara hatukuwa nao. Tulikuwa na kompyuta, kipaza sauti, bando, na jenereta ya kuazima kwa mwenye duka umeme ukikatika. Watu walitusikiliza kwa simu, awe mtu yuko Mwanga mjini, awe Bujumbura, awe Muscat anaosha vyombo vya wenyewe. Mimi nilikuwa fundi wa mitambo, na Mama Salamu hakuwahi kuniita kitu kingine ila Fundi. Alikuwa na kipindi kimoja tu, saa nne asubuhi mpaka saa tano, cha kusoma salamu. Wengine wote pale tulijiona watu wa redio, lakini wasikilizaji walikuwa wake.

Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye mwendo wa mtu anayekwenda kudai. Studio aliigeuza sebule yake. Viatu vilivuliwa mlangoni, na hakuna aliyesamehewa. Siku moja alikuja ofisa mmoja kuhojiwa kuhusu usafi wa masoko, suti safi, viatu vinang'aa. Mama Salamu akamwambia, "Karibu baba, viatu vyako vitakungoja hapo." Soksi ya kushoto ilikuwa imetoboka, kidole gumba kinachungulia. Bwana yule alijibu maswali yote huku ameuficha mguu mmoja nyuma ya mwingine, na Mama Salamu alipokuja kusoma salamu zake akamtakia kila la heri, "yeye na mkewe, ambaye ana kazi nyingi kiasi cha kukosa nafasi ya sindano."

Kompyuta aliiita Kijana. "Kijana kaamkaje leo?" ndilo swali lake la kwanza akiingia. Kwa kuwa nyumbani kwake runinga ilifunikwa kitambaa cha kudarizi, aliona aibu Kijana kukaa uchi mbele ya wageni, akamletea kitambaa cheupe chenye maua ya waridi. Nilikiondoa, akakirudisha. Kompyuta ikawa inazimika katikati ya taarifa ya habari kwa joto, na mimi nikahangaika kubadilisha feni kabla ya kugundua kwamba kila nikitoka kunywa chai, Kijana anavalishwa. Nilipomweleza, alinisikiliza kwa makini sana. "Kumbe," akasema. Kesho yake nikakuta kitambaa kimetobolewa matundu upande wa feni, na matundu yenyewe yameshonwa pembeni vizuri kwa uzi wa rangi.

Alikataza watu kula studio, na katika mkoba wake hazikukosekana karanga za kukaanga. Alikataza umbea, akisema umbea umeua Ujiji kuliko kipindupindu, kisha akavuta kiti karibu na kuanza na "mimi sijasema, lakini." Alidai simu za kisasa zinaharibu watu, naye alikuwa nazo tatu, moja ikiwa ya kuwapigia watu ambao hakutaka wajue ni yeye. Sisi Waha alitutania mchana kutwa. Mimi ni wa Kasulu, na kila asubuhi aliniambia "Mwakeye" kwa lafudhi ya Ujiji iliyoivunja salamu yetu vipande vipande, halafu akanisahihisha mimi nilipomwitikia.

Salamu alizisoma kama hakimu. Kijana mmoja aliyekuwa Dar alituma ujumbe wa kuwasalimu marafiki zake, majina mengi, wa Sinza, wa Temeke, na shemeji zake wote. Mama Salamu akasoma mpaka mwisho, akavua miwani. "Na mama yako anayeanika dagaa Katonga, yeye hakumbukwi? Au ulizaliwa Sinza?" Akagoma kuendelea. Akaweka nyimbo mbili, akisubiri. Kabla ya kipindi kwisha yule kijana alituma ujumbe mwingine wa mama yake tu, wenye makosa mengi ya haraka, na Mama Salamu akausoma kwa sauti ya asali kana kwamba hakuna kilichotokea. Tangu hapo watu walianza na wazazi, hata wale ambao wazazi wao hawakuwa na simu.

Lakini kilichomfanya awe yeye ni kusubiri. Watangazaji wengine husema shikamoo na kupita. Yeye alimwamkia mtu, halafu akanyamaza ili mtu huyo, kule aliko, apate kuitika. Vijana aliwatupia mambo vipi na kuendelea. Mtu wa makamo alipewa muda wa kumeza tonge. "Mzee wangu wa Katonga, nyumba ya nyuma ya mwalo wa samaki, shikamoo," alisema, na kikafuata kimya cha kumtosha mzee kuweka chini alichoshika, kuvuta pumzi na kusema marahaba. Kisha yeye mwenyewe alisema "ahsante" kama aliyeisikia.

Nilimweleza kwamba sauti ya mtandaoni inachelewa, kwamba akinyamaza yeye, mzee wa Katonga bado hajasikia hata shikamoo yenyewe.

"Na akiisikia shikamoo, kimya kitamfuata?"

"Kitamfuata, Mama."

"Basi kimepanda gari moja nayo, shida yako nini?" Akapangusa miwani. "Salamu isiyosubiri jibu ni tangazo la biashara, Fundi."

Ya mwisho kila siku ilikuwa moja. Aliweka karatasi chini, akaivuta maiki karibu, sauti ikashuka. "Na wewe Dada wa Buzebazeba. Shikamoo." Jina hakulitaja. Na hapo alisubiri kuliko alivyomsubiri mtu yeyote, macho yake yako kwenye meza, mpaka mimi kwenye vifaa nikawa naangalia nyaya kama zimechomoka.

Kisa cha huyo Dada alinisimulia siku umeme ulipokatika na jenereta ikakataa kuwaka. Alinisimulia kama habari za watu wengine kabisa. Kulikuwa na ndugu wawili, alisema, mkubwa na mdogo, nao hakuwataja majina. Mkubwa aliazima sufuria kubwa la mdogo kwa ajili ya harusi. Ujiji chombo cha mtu hakirudi kitupu. Utatia humo japo chumvi, japo samaki mmoja wa mgebuka, ndiyo asante yenyewe. Sufuria lilirudi tupu, masizi nje, na mfuniko hakuna. Mdogo akalirudisha sufuria lile lile kwa mkubwa, ndani ametia jiwe.

"Jiwe, Mama?"

"Dogo tu," akasema, na nikajua ni nani aliyelitia.

Toka hapo hawakusemezana. Nyumba zao hazikuwa mbali, lakini wakikutana msibani mmoja alikaa mkeka wa huku na mwingine wa kule. Nikamuuliza sasa mbona anamwamkia kila siku hewani.

"Mdogo anaamkia, hilo halina ugomvi. Nisimwamkie, nife nalo?"

"Na yeye huitika?"

"Nitajuaje? Redio ina mdomo, haina masikio." Kisha akasema bila mzaha, na si kawaida yake, "Asiyeitikia shikamoo yako amekukataa, Fundi. Hilo tu ndilo ninalotaka kulijua kabla sijafa, kama ananiitikia au ananikataa."

Ndipo ukaja ule mwezi wa kuhama. Kampuni iliyokuwa inatubebea matangazo ilituandikia kwamba programu yetu ya kurushia imezeeka, na mwisho wa mwezi mitambo yao haitaipokea tena. Tuhamie mpya au tuzimike. Mwenye redio, ambaye tulimwita Mkurugenzi ingawa sote aliokuwa anatuongoza tungeenea kwenye bajaji moja, alifurahi kama aliyeletewa mke. Programu mpya ilikuwa na mambo: ilipanga nyimbo yenyewe, ilionyesha wasikilizaji wako wapi, na ilimwezesha mtangazaji kurusha kipindi kwa simu kutoka popote.

Mama Salamu hakuchangamka. "Hiyo ya zamani nani amesema imezeeka? Waliizaa wao?" Nikamwambia hatuna njia. Akaitazama skrini mpya, vitufe vyake vya rangi, akasema huyu si Kijana, huyu ni bwana harusi. Kitambaa hata hivyo alimletea.

Niliifunga, nikaijaribu, sauti ikatoka safi kuliko tulivyowahi kuwa nayo. Humo ndani kulikuwa na kitu kinaitwa kinga ya ukimya. Hewa ikikaa kimya sekunde kumi na tano, programu inadhani mambo yameharibika, inachomoa wimbo kwenye akiba na kuupiga yenyewe. Mkurugenzi aliipenda kinga hiyo kuliko vyote, kwa sababu mwaka uliopita mtangazaji wa mchana aliteremka kununua maandazi, akanogewa na soga huko chini, na redio ikakaa kimya mpaka watu wa Dar wakapiga simu kuuliza nani amekufa.

Siku ya kwanza kipindi kilikwenda vizuri. Wazee walipata kimya chao, kila kimya kikaisha kabla ya sekunde zile kumi na tano. Tukafika mwisho. "Na wewe Dada wa Buzebazeba. Shikamoo." Akasubiri, macho mezani. Na katikati ya kusubiri kwake akaingia kijana mmoja wa bongo fleva, ngoma zinapasua, analia kwamba mpenzi wake kamwacha kwenye mataa.

Mama Salamu aliinua uso akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu ambaye sijamuibia.

Nilikwenda kwa Mkurugenzi kumwomba niitoe kinga, au niirefushe kwa saa yake tu. Akakataa. Redio ya kisasa haina kimya, alisema, kimya kinafukuza watu. Kesho yake ikawa vile vile, shikamoo na yule kijana wa mataa. Siku ya tatu Mama Salamu alikuja mapema. Hakuuliza Kijana kaamkaje. Alikunja kitambaa chake cha waridi, akachukua kikombe chake kabatini, akavitia kwenye mkoba, akaketi kwenye kiti cha wageni.

"Mama, vipi tena?"

"Mimi nimemaliza. Miaka yote nimemwamkia mtu mzima kwa adabu, leo nampigia makelele usoni. Kama alikuwa anaitika, basi ameacha. Na kama hakuwa anaitika, sasa amepata sababu." Kipindi kilikuwa bado dakika chache.

Nikashika simu ya redio kutafuta chochote cha kusoma badala yake. Kulikuwa na ujumbe wa sauti kwa namba tusiyoijua. Nikaubonyeza bila kufikiri, ukasikika chumba kizima. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, nzito, ya mtu asiyezoea kuongea na kitu kisichomjibu.

"Mimi ni dada yake huyo mnayemwita Mama Salamu. Mwambieni. Miaka yote ananiamkia hapo, na mimi namwitikia. Juzi ananiamkia, nafungua mdomo niseme marahaba, napigiwa ngoma. Jana, ngoma. Ndiyo adabu gani hiyo, mtu mzima hajamaliza kuitika? Kama amechoka kuniamkia aseme mwenyewe. Asinitumie wahuni."

Ukakatika. Mama Salamu akasogea karibu na simu.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Siyo mwanzo. Hapo anaposema namwitikia."

Tukarudisha hapo, tukarudisha tena hapo, mpaka nikaogopa chaji itakwisha. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hayafuti. Kisha akapenga kwa upindo wa kanga na kusema, "Umesikia? Kiburi kile kile. Hata kidogo hakijapungua." Akatoa kitambaa kwenye mkoba, akamvalisha bwana harusi, akaketi kwenye maiki.

Kinga haikuondolewa, Mkurugenzi alishikilia msimamo. Kwa hiyo Mama Salamu akaizunguka. Alikuja na kikombe cha chai, na kila alipofika kwa Dada wa Buzebazeba akasema shikamoo yake, kisha akakoroga. Kijiko kikalia kwenye kikombe, taratibu, ngri, ngri, na mtambo, ukisikia ngri, ukaamini kwamba mambo ni shwari. Alikoroga muda wote wa kusubiri. Mkurugenzi alilalamika, wasikilizaji wakampenda zaidi, mtu wa Bujumbura akaandika kuuliza huyo mama chai yake inawekwa sukari kiasi gani.

Nikamshauri aende Buzebazeba, si ameshajua anaitikiwa. Akanishangaa. "Niende kama nani? Nimeitwa?" Miezi ikapita hivyo, mmoja anaamkia kwa kijiko, mwingine anaitikia ukuta, na bodaboda wangeweza kuwapatanisha kwa dakika kumi.

Halafu ujumbe wa pili ukaja, mfupi. "Mwambieni apunguze sukari, ukoo wetu una kisukari. Na mfuniko wake upo hapa. Aje auchukue, mimi siubebi."

Mama Salamu aliusikiliza amesimama. Alikohoa, akajitia kupanga karatasi. "Fundi," akasema, bila kuniangalia, "ulisema huyu bwana harusi anaweza kutangazia popote?"

"Popote penye mtandao, Mama."

"Nasikia Buzebazeba mtandao ni mzuri. Tukaujaribu. Ni kazi hiyo, siyo matembezi."

Tulikwenda asubuhi, mimi na kompyuta ndogo na maiki, yeye na kanga mpya. Uani tulimkuta mwanamke mrefu, mkavu, ameketi kwenye kigoda, anachambua dagaa kwenye ungo. Nilimwamkia akaniitikia vizuri. Mama Salamu hakumwamkia. Alipita, akachagua kiti upande wa pili wa ua, akakaa kama yuko peke yake. Nikamnong'oneza, Mama, hata salamu?

"Nitamwamkia saa yake ikifika," akasema. "Kipindi kina utaratibu."

Kwenye jiko la mkaa kulikuwa na sufuria dogo limefunikwa kwa mfuniko mkubwa mno, umelikalia kama kofia ya babu kwa mjukuu. Wote wawili waliutazama kwa zamu, kila mmoja mwenzake alipoangalia pembeni.

Saa nne ikafika tukaingia hewani. Alisoma salamu za watu mmoja mmoja, akawasubiri wazee wake, na kuku akaitikia badala ya mzee wa Katonga. Dada aliendelea na dagaa zake, vichwa huku, miili kule. Karatasi zikaisha. Mama Salamu akaziweka chini, akavuta maiki. Ndipo nikakumbuka kwamba kikombe hakipo. Hatukukaribishwa chai.

"Na wewe Dada wa Buzebazeba," alisema, akiwa ameielekea maiki na si yule aliyekuwa hatua chache mbele yake. "Shikamoo."

Kimya. Dada akachukua dagaa mmoja, akamkagua, akamtupa pembeni. Mimi nilikuwa naangalia kipimo cha sauti kimelala, na kidole changu kiko tayari kwenye kitufe, kwa sababu nilijua ni nani anakuja kutulilia mambo ya mataa. Dada akakung'uta mikono. Akaifuta kwa kanga, kidole kimoja kimoja. Nadhani alikuwa anafanya kusudi. Walikuwa ndugu hawa.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mdogo wangu."

Nilimgeukia Mama Salamu aendelee. Alikuwa na maneno yake ya kufunga, alikuwa na "ahsante" yake ya kila siku. Mdomo ulifunguka na hakuna kilichotoka. Mwanamke aliyemnyima pumzi ofisa mwenye suti, aliyegomesha redio nzima kwa ajili ya mama mmoja wa Katonga, alikaa pale ameshika maiki kwa mikono miwili, analia bila sauti, na redio yetu ikawa kimya Kigoma, Dar na Muscat.

Sekunde kumi na tano zikatimia. Mtambo ukatimiza wajibu wake. Ngoma zikapasua, na yule kijana akaanza kulia kwamba kaachwa kwenye mataa.

"Haya, wahuni wenu hao," akasema Dada, naye sauti yake haikuwa sawa. Akainuka kwenda kuosha vikombe.

Nilinyoosha mkono niuzime wimbo. Mama Salamu akanishika.

"Uache, Fundi," akasema, akijifuta macho. "Kumbe ni mzuri."